Muhuri wa Balozi Nyamizi

Kila Nyamizi Kabulwa alipolitaja jina la nchi yake, mashine ilinyamaza.

Alikuwa amesimama mbele ya ukumbi mkuu wa Baraza la Tiba la Dunia, jijini Arusha, ndani ya koti jeusi lililomkaa vizuri miaka kumi na moja iliyopita na ambalo sasa lilimpwaya mabegani. Mbele yake walikaa wajumbe wa mataifa mia moja na tisini, kila mmoja na kisikizio sikioni. Yeye alisema Kiswahili. Wao walisikia Kireno, Kihindi, Kiarabu, lugha yoyote waliyoitaka, kwa sauti iliyofanana na yake kabisa. Mkalimani, ndivyo mashine ile ilivyoitwa, hakuwa na kawaida ya kukosea neno. Ila Mkalimani alifungwa kwenye Daftari la Mataifa, na katika Daftari hilo hapakuwa na nchi iitwayo Lutembwe. Kwa hiyo Nyamizi aliposema, "Watu wa Lutembwe wanakufa," ukumbi ulisikia "Watu wa," kisha kimya kifupi, kisha "wanakufa."

Wajumbe wapya walidhani chombo kimeharibika, wakawa wanakigonga kwa kidole. Wa zamani hawakujisumbua. Walishamzoea yule mama wa Meza ya Wageni, kule nyuma karibu na mlango wa jikoni, ambaye kiti chake hakikuwa na kibao cha jina bali namba tatu tu.

"Leo ni siku ya tano tangu homa ya kutu iingie Sunzula, mji wetu mkuu," aliendelea. "Jana tumezika watu mia mbili na kumi. Ndugu wajumbe, sikuja kuwaomba mtutambue. Hilo tumeliomba miaka thelathini na tutaendelea kuliomba. Leo naomba ufunguo tu. Mpeni mgonjwa dawa, halafu muendelee kubishana jina lake ni nani."

Taa nyekundu iliwaka. Dakika zake tatu zilikuwa zimekwisha, na kipaza sauti kilizimika chenyewe.

"Ahsante, mgeni namba tatu," alisema mwenyekiti. "Ombi lako litapigiwa kura tarehe ishirini na sita, kama ratiba inavyosema."

Siku ile ilikuwa tarehe kumi na saba.

*

Zama zile hakuna mtoto aliyezaliwa bila kuwekewa askari wa damu. Vilikuwa vidude vidogo ambavyo jicho halivioni, vikidungwa kisiginoni siku ya kwanza ya maisha, vikazaana humo ndani na kuzunguka mwilini hadi mtu anazeeka, vikiwinda magonjwa. Udhaifu wao ulikuwa mmoja. Ugonjwa ukibadili sura, askari hawakuutambua tena, mpaka wafundishwe upya. Mafunzo hayo yalitungwa na Baraza na kurushwa kutoka kwenye setilaiti mara moja kila mwaka, na kila nchi iliyapokea kwa ufunguo wake. Pasipo ufunguo, mafunzo yalipita juu ya vichwa vya watu kama kelele za redio isiyoshika stesheni.

Homa ya kutu ilikuja kwa misimu miwili kila mwaka, na kila mwaka ilibadili sura. Iliyakaza mapafu, na mgonjwa alikohoa makohozi yenye rangi ya bati kuukuu. Asiye na askari waliofundishwa alikuwa na siku nne, labda tano.

Miaka yote hiyo Walutembwe walipitishiwa mafunzo na nchi jirani, moja ya nchi tano tu duniani zilizowatambua. Sheria ya Baraza iliruhusu nchi kumgawia ufunguo jirani anayepakana nayo, na hakuna aliyeuliza sana. Lakini mwezi Machi jirani huyo alibadili serikali, na serikali mpya ikabadili msimamo. Ilikuja barua ya mistari miwili. Zikabaki nchi nne zilizoitambua Lutembwe, zote za ng'ambo, na hakuna hata moja iliyopakana nayo. Miezi miwili baadaye watu wakaanza kukohoa.

*

Balozi Theodosi Mwangole wa Shirikisho alimkuta Nyamizi bustanini, kwenye benchi lililotazamana na Mlima Meru. Shirikisho ndilo lililodai kwamba Lutembwe ni mkoa wake uliopotea. Vita vya kujitenga vilidumu miaka sita na vilikwisha zamani, bila mkataba. Pande zote mbili zilichoka tu. Mwangole alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mwenye mvi zilizokatwa vizuri. Aliomba ruhusa ndipo akaketi.

"Pole na msiba, Daktari," alisema.

Hakuwahi kumwita Balozi. Serikali yake ilikataza.

"Ahsante, Mheshimiwa."

"Sikuja kukucheka. Nataka ulijue hilo kwanza." Aliweka bahasha kati yao, juu ya benchi. "Hii inaitwa Hati ya Marejeo. Imekaa kabatini kwetu miaka mingi. Ukiitia muhuri wako, ufunguo wetu utafunguka kwenu ndani ya saa sita."

Nyamizi hakuigusa. "Kwa maneno gani?"

"Kwamba Lutembwe ni sehemu ya Shirikisho, na imekuwa hivyo siku zote."

"Siku zote."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na askari wa damu?"

Mwangole alitazama viatu vyake. "Watafundishwa pamoja na wa kwetu. Wataandikwa uraia wetu. Jirani hugawiwa ufunguo tu, lakini anayeingia kwa hati huandikwa raia, ndivyo mfumo ulivyo. Kila mlango wa mpaka utakaosoma damu zenu utasoma Shirikisho. Watoto watakaozaliwa pia."

"Na kufuta baadaye?"

"Daftari halifuti, Daktari. Unajua."

Upepo wa mlimani ulikuwa baridi. Nyamizi alijifunga koti. "Mnaweza kutupa ufunguo bila hati. Kwa mwaka mmoja tu. Hakuna sheria inayowazuia."

"Ingekuwa juu yangu, ungekuwa nao tangu Jumatatu. Lakini mimi ni mtu wa kutumwa, kama wewe." Alisimama, akaiacha bahasha palepale. "Mama yangu mdogo aliolewa Sunzula, kabla ya vita. Sijui kama yuko hai. Sijawahi kuruhusiwa kuuliza."

*

Rais Luhende alikuwa mwalimu wa hesabu kabla hajawa mpiganaji, na hata sasa, akiongea kwenye simu, alizungumza kama mtu anayesubiri darasa linyamaze.

"Tuna kura ngapi, mwanangu?"

"Tisini na tano za uhakika, Mheshimiwa Rais. Tunahitaji tisini na sita."

"Na hiyo moja?"

"Kuna nchi tatu hazijasema. Mbili nadhani zitakataa. Ya tatu ni wale wa visiwani. Balozi wao ananisalimia vizuri, lakini hajawahi kunijibu."

"Basi tunangoja siku tisa."

"Mheshimiwa, wanaokufa wanaongezeka kila siku. Siku tisa ni watu elfu nne. Mimi ni daktari kabla sijawa balozi. Sikuambii cha kubahatisha."

Nyamizi aliisikia feni ya ofisini kwa Rais, ile yenye skrubu iliyolegea.

"Kwenye vita tulizika elfu arobaini," Rais alisema. "Nilikwenda kwa mama zao mmoja mmoja, walioweza kufikika. Niliwaambia watoto wao wamewapa nchi. Sasa nirudi niwaambie nini? Kwamba tumeirudisha kwa sababu ya homa, na kura ilikuwa wiki ijayo?"

"Waambie wengine wako hai."

"Usitie muhuri, Nyamizi. Hiyo ni amri." Kisha sauti ya ualimu ikamtoka, akabaki mzee. "Na usifikiri nakaa juu ya mti nikiwatazama. Wajukuu wangu wawili wako wodini tangu jana."

*

Mdogo wake, Kalunde, alikuwa mwuguzi mkuu katika hospitali ya Sunzula. Alipopiga simu ya video jioni ile alikuwa ameketi kwenye ngazi za stoo, barakoa ikining'inia sikio moja, uso umemsinyaa kama mtu aliyelala jikoni penye moshi.

"Dada, habari za hati tumezisikia redioni," alisema bila salamu. "Usitie."

Nyamizi alikuwa amejiandaa kwa mengi, si kwa hilo. "Kalunde, wewe ndiye unayewaona."

"Nawaona. Leo asubuhi nimemfunika mama na binti yake kwa shuka moja, maana mashuka yamekwisha. Kwa hiyo usiniambie sijui ninachosema. Hao watu wa Shirikisho walipita kijiji kwa kijiji ng'ambo ya Mto Lwifi. Mume wangu walimwacha barabarani, nikamkuta siku ya tatu. Leo niwabebe ndani ya mishipa yangu? Mlango ukinisoma useme mimi ni wao?"

"Utakuwa hai kuukasirikia huo mlango."

"Labda. Lakini hilo ni langu kuamua. Kuna mambo mtu anaulizwa kwanza."

"Niulize watu laki sita? Kwa siku ngapi? Wangapi watabaki wa kujibu?"

"Hata mmoja hujamwuliza, dada. Mimi ndiye niliyepiga simu."

Kalunde alianza kuongeza neno, akakohoa. Aligeuza uso, akakohoa tena, kikohozi kifupi, kikavu.

"Vumbi la stoo," alisema, na simu ikakatika.

Asubuhi Nyamizi alipiga mara sita. Mara ya saba alipokea mwanamume, mwuguzi aliyejitambulisha kwa jina la Gervasi.

"Dada Kalunde amelazwa," alisema. "Kitanda cha kumi na moja. Alianguka akiwa na sindano mkononi, alfajiri. Amesema ukipiga nikuambie bado anasema vilevile."

*

Chumba cha Daftari kilikuwa kidogo kuliko watu walivyodhani. Kulikuwa na meza moja, viti viwili, na sanduku la chuma lenye tundu la kidole gumba. Damu ya kila balozi ilibeba askari wachache waliopewa dhamana ya nchi yake; tone moja lilitosha, na lisingeweza kughushiwa. Huo ndio ulioitwa muhuri.

Msajili, Bi Ruwaida Sahl, alikuwa mwanamke mtulivu wa makamo aliyevaa mtandio wa kijivu. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akimwandikia Nyamizi kitambulisho kipya kila Januari, na kila Januari alimwomba radhi kwa ile namba tatu.

"Kaa, Dada Nyamizi," alisema. "Sheria inanitaka nikueleze. Muhuri wako hauwezi kufungua kitu chochote katika Baraza hili. Huwezi kuutumia kupiga kura, wala kusaini mkataba, wala kupokea ufunguo. Daftari linaupokea kwa tendo moja tu."

"Kujifuta."

"Kujifuta," alikubali Bi Ruwaida, taratibu.

Mwangole alikuwa amesimama pembeni, kama shahidi. Hati ilikuwa mezani, kurasa mbili.

Nyamizi aliisoma yote, ingawa aliijua. Alijaribu kuwafikiria watu laki sita, na hakuweza. Laki sita haina uso. Kila alipojaribu alimwona Kalunde, kitanda cha kumi na moja, akihema kama mtu anayevuta hewa kupitia kitambaa. Akajiuliza: kama aliyeanguka alfajiri angekuwa dada wa mtu mwingine, ningekuwa nimekaa kwenye kiti hiki? Alilitafuta jibu kwa uaminifu. Hakulipata, na muda haukumngoja.

"Bi Ruwaida," alisema. "Mataifa huleta barua za kura kwako kabla ya siku yenyewe. Ni kweli?"

"Baadhi huleta."

"Kura ya tarehe ishirini na sita. Tutapita?"

Mikono ya Bi Ruwaida ilikuwa juu ya droo ya meza. Haikusogea. "Siruhusiwi kusema."

"Unajua?"

"Siruhusiwi kusema kama ninajua." Alimtazama Nyamizi machoni kwa muda mrefu, mpaka Mwangole akakohoa pale aliposimama, kikohozi cha adabu tu, na wote watatu wakashtuka.

"Unatia muhuri kwa hiari yako?" Bi Ruwaida aliuliza.

"Ndiyo."

"Unatia muhuri kwa hiari yako?"

"Ndiyo."

Sheria ilitaka mara tatu. Mara ya tatu Bi Ruwaida aliuliza kwa sauti ya chini sana, na Nyamizi hakujibu kwa mdomo. Aliingiza kidole gumba tunduni. Uchungu ulikuwa kama wa kuchomwa na mwiba wa mchongoma. Sanduku lilitoa mlio mdogo, na ukutani, kwenye orodha ndefu ya majina, hakuna kilichobadilika, kwa sababu jina la Lutembwe halikuwahi kuwapo pale.

Mwangole alimkaribia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole, Mheshimiwa Balozi," alisema, na mara akatambua alichosema, na kwamba sasa hakukuwa na aliyebaki wa kuitwa hivyo.

*

Ufunguo ulifunguka saa kumi na dakika tano alasiri. Kufikia jua kuzama, wagonjwa waliokuwa hawawezi kukaa walikuwa wakiomba uji. Siku iliyofuata walikufa thelathini na wanane, wale ambao mapafu yao yalishakaza. Siku ya tatu wakafa wanne. Siku ya nne hakuna aliyekufa.

Kalunde alipona.

Rais Luhende alituma ujumbe mmoja, halafu akaondoka Ikulu kwa miguu kabla watu wa Shirikisho hawajafika. Ujumbe ulisema: "Mjukuu mkubwa amepona. Mdogo amefariki saa sita mchana, ufunguo ukiwa bado. Umevunja amri yangu na sijui nikuambie nini."

Nyamizi aliusoma akiwa amesimama, kisha akaketi sakafuni kwenye chumba chake cha hoteli, mgongo umeegemea kitanda, akalia mpaka mhudumu wa usafi akagonga kuuliza kama kuna mgonjwa.

Tarehe ishirini na sita alikwenda kurudisha kitambulisho. Ombi la Lutembwe lilikuwa limeondolewa kwenye ratiba. Hapakuwa na mwombaji. Bi Ruwaida alikipokea kile kitambulisho, akakiweka kando. Alifunga mlango.

"Saa ya kura imepita," alisema. "Sasa naruhusiwa kusema, ukitaka. Kama hutaki, sitasema kamwe."

Nyamizi alijua tayari. Aliona kwenye namna yule mama alivyoshika pindo la mtandio wake. Angeweza kutoka. Mara nyingi baadaye alijiuliza kwa nini hakutoka.

"Sema."

"Wale wa visiwani walileta barua tarehe kumi na sita. Ilikuwa ndiyo."

Kura tisini na sita. Lutembwe ingekuwa na ufunguo wake, ulioandikwa Daftarini kwa jina lake, na kwa mara ya kwanza Mkalimani angelitamka jina hilo mbele ya dunia. Leo hii, mchana huu. Na watu kama elfu nne wasingekuwapo kulisikia, na Kalunde angekuwa mmoja wao.

"Ungeniambia," Nyamizi alisema.

"Kila siku niliyoketi hapa tangu hapo nimejiambia kwamba ilinipasa kukuambia," Bi Ruwaida alijibu huku machozi yakimtoka wazi. "Nilishika droo. Uliniona. Sikuifungua. Na kama ningeifungua, wewe ungefanyaje?"

Nyamizi alifikiri. "Sijui," alisema. "Hilo nalo umeninyima."

*

Alirudi Sunzula kwa basi. Penye mpaka wa zamani walishajenga lango jipya, na lilipoisoma damu yake likasema kwa sauti ya kike yenye furaha, "Karibu nyumbani, raia wa Shirikisho." Abiria wote waliambiwa hivyo, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mji ulimpokea kwa namna mbili. Asubuhi nyingine alikuta kibarazani mkungu wa ndizi au kuku amefungwa miguu, na hakujua nani kaleta. Asubuhi nyingine alikuta ukutani maandishi ya mkaa: MUUZAJI. Aliyasugua kwa maji na majivu. Siku moja mwanamume mmoja alimpigia magoti sokoni akimshukuru kwa wanawe watatu, na mkewe mtu huyo, aliyekuwa amesimama palepale, akatema mate chini.

Aliomba kazi hospitalini, katika wodi ya wazazi, kazi aliyoifanya ujanani. Walimpa, kwa kuwa madaktari wanne walikuwa wamekufa. Kalunde alikuwa mwuguzi mkuu wake. Alikuwa amekonda, na akipanda ngazi alisimama katikati kuvuta pumzi. Alimwambia dada yake yote yaliyohusu kazi: kitanda cha tatu uchungu umeanza, glavu zimefika, daktari wa zamu hayupo. Zaidi ya hapo, hakumwambia kitu. Usiku walilala nyumba moja, ile ya marehemu mama yao, na ukuta mmoja kati yao.

Mwezi wa tatu tangu arudi, alijifungua mwanamke aitwaye Wande, mkulima wa viazi kutoka milimani, mwenye mikono mikubwa na sauti ya chini. Alipata mtoto wa kike, mwenye afya, mwenye nywele nyingi hata wauguzi wakaja kumwangalia. Ilipoletwa sindano ya askari, Wande alimkumbatia mtoto kifuani.

"Huyu hapana," alisema.

Wauguzi walimbembeleza, wakamwogopesha, wakamwambia sheria ya Shirikisho inataka. Hakubishana nao. Aligeukia ukuta.

Mchana wa siku ya pili, wodi ikiwa imetulia kwa joto, Wande alipitiwa na usingizi. Nyamizi alikuwa zamu. Mtoto alikuwa macho kwenye kitanda chake cha pembeni, akitazama dirisha. Nyamizi alimwinua, akamshika kisigino. Kilikuwa laini, hakijawahi kukanyaga kitu. Sindano ilikuwa tayari kwenye trei. Ingechukua sekunde mbili, mtoto angelia kidogo, na mama angeamka akidhani ni njaa. Msimu ukifika, mtoto angeishi. Hakuna ambaye angejua.

Aliinua macho. Kalunde alikuwa amesimama mlangoni na rundo la mashuka mikononi. Hakuingia, wala hakuondoka.

Nyamizi alikiachia kisigino cha mtoto. Kisha akamrudisha mtoto, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamgusa mama bega.

"Wande. Amka, mama. Nataka kukuuliza jambo."

Alimweleza yote, taratibu. Namna homa inavyoingia, siku ngapi mtu anakaa, watoto wangapi wa umri wa huyu aliowaona mwaka huu kwenye mashuka. Hakumficha lolote. Alimwambia pia nani aliyetia muhuri.

"Nakujua," alisema Wande. "Nilikujua tangu ulipoingia. Mimi nilikuwa wodi ya chini wakati ule, na mimba. Niliamka nikiwa hai, na damu yangu si yangu tena. Sikutukani, dada. Naona ulihangaika. Lakini huyu alikuja msafi. Hakuna hata mmoja wao ndani yake."

"Anaweza kufa."

"Najua."

"Nakuomba."

Wande alimtazama, na uso wake haukuwa na ugomvi wowote. "Umeniuliza," alisema. "Nimekujibu."

Alifunga vitu vyake ndani ya kikapu. Nyamizi alimsindikiza hadi getini, akambebea kikapu, akamwonyesha namna ya kumsikiliza mtoto pumzi na namna ya kujitenga na watu wenye kikohozi, maneno ambayo wote wawili walijua hayatoshi. Waliagana kwa kushikana mikono.

Kalunde alikuja akasimama kando yake. Alikuwa bado na yale mashuka. Wakawa wanaitazama ile barabara nyekundu inayopanda milimani, na Wande akiipanda polepole, akitua kila baada ya hatua chache, kwa kuwa alikuwa amejifungua jana yake tu.

"Huyu umemwuliza," alisema Kalunde.

Kalunde alihamishia mashuka mkono mmoja, na kwa ule mwingine akamshika dada yake kiwiko, kwa nguvu, kama mtu anayeshikilia ili asianguke, au asimwache mwingine akimbie.

Kule juu Wande alimfunika mtoto uso kwa kanga, jua lisimchome, akaendelea kupanda. Zilikuwa zimebaki wiki saba msimu wa pili wa homa uanze.